Ule Ufa Msiuzibe

Wiki iliyopita nilimkaripia mmoja wenu mbele ya wageni, na tangu siku hiyo naona mnanipitia mbali hapa bandani. Mnasema Susu, nyanya yenu huyu, amezeeka, Susu ana hasira za bure. Hasira ninazo, sikatai, nilizaliwa nazo. Lakini za siku ile hazikuwa za bure. Kijana wa watu alikuwa ameshika chupa ya gundi mkono mmoja na unga wa mbao mkono wa pili, anataka kuziba ufa wa kile kichwa cha mti wa mwembe kilicho kwenye rafu ya juu, karibu na dirisha. Alidhani anasaidia. Na kwa kweli alikuwa anafanya vile vile nilivyomfundisha: ukiona ufa, changanya gundi na unga wa mti huo huo, jaza, acha ukauke, piga msasa. Ni vile tu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ule ufa hauzibwi.

Kwa hivyo kaeni niwaeleze. Anayetaka kuendelea na msasa wake aendelee, sauti hiyo hainisumbui.

Mimi sikuwahi kuchonga hata kijiko. Wageni wakinipiga picha huandika kwamba mimi ni mchongaji, lakini mimi ni mtu wa msasa tu. Nilikuja banda hili nikiwa nimeolewa juzi juzi. Mume wangu, Baba Kioko, alinileta kwa mama mmoja aitwaye Kalekye, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa msasa, akamwambia, "Mfundishe huyu, nyumbani ananimaliza na maneno." Kalekye alikuwa mkali kuliko mimi, kwa hivyo mshukuru Mungu mlinipata mimi. Alinipa ndovu aliyetoka kwa wachongaji, amejaa alama za ngomo, hicho kitezo kidogo cha kuchongea, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. "Sasa niambie ni wapi kubaya." Nikapapasa, nikamwambia ni mgongoni. Akanichapa vidole. "Kila mahali ni kubaya. Anza."

Mengine mnayajua kwa sababu nimeyarudia mpaka mmechoka. Fuata nyuzi za mti, usizikate. Anza na karatasi kali, maliza na laini, na usiruke moja katikati kwa sababu ya uvivu, maana rangi ikishapakwa itakusema. Macho yanadanganywa na mwanga, kiganja ni vigumu kukidanganya. Ukitaka kuwa na hakika kabisa, vaa stokingi mkononi uipitishe juu ya mti, na popote palipo na kipele kidogo stokingi itashika. Hila hiyo ni ya Kalekye. Nilimaliza stokingi zangu zote za kanisani kwa njia hiyo, mpaka Baba Kioko akaanza kuniuliza ni dhehebu gani jipya linalokataza kufunika miguu.

Wengine wenu mmetoka Sultan Hamud na Makindu, kwenye joto, mkafika huku juu Ithemboni mkashangaa kuona watu wamevaa sweta saa sita mchana. Huu mji ni wa zamani kuliko unavyoonekana. Juu ya mwamba huu, kileleni, ndipo wazee wa kale walipokuwa wakitolea sadaka zao, ndiyo sababu ya jina, maana kwetu ithembo ni mahali pa sadaka. Halafu wakaja wamisionari wakajenga kanisa la mawe chini yake, na baadaye likaja banda hili. Wageni wanakuja kwa mambo mawili: kupanda mwamba asubuhi, na kununua vinyago wakishuka. Siku hizi wengi hupanda, wakapiga picha, wakashuka wakapiga picha za vinyago pia, wakaenda. Zamani benchi hizi zote zilikuwa na watu. Mnaona wenyewe sasa zimebaki ngapi zisizo na vumbi.

Kitu ambacho wageni hawakijui, na nyinyi mnakijua nusu nusu, ni kwamba wazee wetu hawakuchonga kila kitu. Kila mtu alikuwa na mnyama wake. Alimpata kwa baba yake au kwa aliyemfundisha, na huyo ndiye aliyemchonga mpaka mwisho. Mkono ukishazoea twiga, unachonga twiga huku ukiongea, ukicheka, ukigombana na jirani, bila kumtazama. Mwambie huyo wa twiga akuchongee kifaru, atakutolea twiga mnene. Mutiso, yule mzee wa benchi ya mlangoni, yeye ni wa vichwa vya morani. Na Nzioka alikuwa wa ndovu.

Kwa ndovu, Nzioka hakuwa na mwenzake. Ndovu wake walisafiri nchi ambazo yeye hangeweza kuzitaja, na hali ndovu wa kweli alimwona mara moja tu, karibu na Makindu, akiwa juu ya lori la magogo. Alirudi amenuna. Tukamuuliza, "Baba Mumbua, ni kweli umeona ndovu?" Akasema, "Nimeona. Masikio yake si sawa." Tulicheka mpaka Kalekye akatuambia turudi kazini, na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa aproni.

Magogo nayo yalibadilika. Nilipoanza, muhugu ulikuwa ukija kwa malori kutoka pande za Ikutha, mti mzito, wenye harufu nzuri, hata vumbi lake lilikuwa tamu puani. Ulikatwa mpaka ukaisha. Sasa tuna mwembe na mjakaranda, na hiyo ndiyo miti mnayoijua. Mwembe ukiuchonga mbichi mkono unafurahi, lakini ukishamaliza lazima uufukie kwenye maranda, kivulini, ukauke pole pole. Ukiukausha haraka utapasuka. Nimeziba nyufa nyingi za mwembe katika maisha yangu kuliko sufuria nilizosugua.

Sasa nifike kwenye desturi ya banda. Mchongaji wa hapa akifa, wenzake huweka mnyama wake juu ya jeneza, na jeneza likiteremshwa mnyama huteremka nalo. Wa twiga huenda na twiga, wa kifaru na kifaru. Pasta mmoja aliwahi kusema huo ni upagani. Kalekye akasimama katikati ya mkutano akamuuliza, "Na wewe Pasta, si utazikwa na Biblia yako kifuani? Si ndiyo ngomo yako?" Maneno yakaishia hapo. Sisi wa msasa hatuna mnyama, kwa hivyo Kalekye tulimwekea karatasi yake ya mwisho ya msasa, ile iliyokuwa imeisha kabisa. Na mimi mtaniwekea hivyo hivyo. Iliyokwisha. Msiharibu mpya.

Nzioka alikuwa na mtoto mmoja tu. Kwetu msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha tunamwita Mumbua, na huyo alizaliwa siku ambayo paa la banda lilikuwa linavuja kila mahali. Mama yake, Mbithe, alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Mimi nilikuwa jirani, nina Kioko wangu titini, nikamchukua Mumbua nikawanyonyesha wote wawili. Nzioka alikuwa akija jioni kutoka kazini, anaketi kwenye stuli, anatazama nikimuosha uso. Hakuwa mtu wa maneno. Mtoto alikuwa na paji pana na kidevu cha mama yake, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kibonyeo kidogo alichopata alipoanguka kwenye kizingiti cha mlango ule. Nilimuosha uso huo kila siku mpaka alipoanza kunifukuza, akisema yeye ni mkubwa, ataosha mwenyewe.

Kuchonga hakukutaka. Alitaka mwamba. Alijifunza kamba, akajifunza kofia ngumu na vile vyuma vya kufungia, akawa ndiye anayewapandisha wageni. Nzioka hakupenda. Nakumbuka wakizozana hapa hapa mlangoni.

"Hii maneno ya kuning'inia kwa mawe kama popo mimi sielewi," Nzioka akasema.

"Baba, watu wanakuja Ithemboni sababu ya mwamba. Hizo ndovu zako wanabeba tu wakirudi."

"Wanabeba tu?"

"Si mbaya, Baba. Mimi nawachosha huko juu, wakifika kwako hawana nguvu ya kukataa."

Akamshinda kwa kicheko. Alikuwa anamshinda hivyo siku zote.

Alikuwa mzuri kwa kazi yake, na hilo nalisema kwa vile mimi si mtu wa kusifu ovyo. Hakuwatangulia wageni wakati wa kushuka. Alikuwa anakaa nyuma yao, anaona kila mguu unapokanyaga. Aliyeogopa hakumcheka, alimpa kazi ya kubeba chupa ya maji ya wenzake ili asahau woga wake. Nyinyi wawili mnaofikiria kuacha msasa mwende kwenye mwamba, hayo ndiyo ya kuiga kwanza, kabla ya kamba.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka, wageni wakasema twende. Mumbua aliwachelewesha mpaka mwamba ukakauka, na waliokuwepo wote walisema hivyo. Walipanda vizuri. Wakati wa kushuka, mgeni mmoja, kijana wa Nairobi, aliona njia ya mkato upande wa kichaka, akaifuata bila kumwambia mtu, akateleza akafika mahali ambapo hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Mguu ulikuwa umevunjika. Mumbua alimfuata kwa kamba, akamfunga kwa kamba hiyo hiyo, vijana wenzake wa mwamba walio juu wakamvuta. Kamba ikawa inateremshwa tena imchukue yeye. Pale alipokuwa amesimama udongo ulikuwa umelowa kwa ndani, na jiwe likaondoka naye.

Sisi tulikuwa hapa kazini. Tuliona watu wanakimbia kuelekea kanisani, na mmoja wao akatugeukia, akamtazama Nzioka, akainamisha kichwa. Nzioka aliweka ngomo chini taratibu, akaifunika na kitambaa kama afanyavyo jioni. Sitawaeleza zaidi ya hapo. Yule mtoto nilimnyonyesha. Niliumia, na bado naumia, na anayeniambia wakati huponya aje aketi kwenye kiti changu.

Mazishi yalipangwa Jumamosi iliyofuata. Likaja swali la jeneza. Mumbua hakuwa mchongaji, lakini alikuwa mtoto wa banda, na hakuna aliyesema azikwe bila kitu. Vijana wa mwamba wakasema iwekwe kamba yake. Nzioka akasema hiyo kamba isiletwe mbele ya macho yake. Mtu mwingine akasema basi awekewe ndovu wa babake. Nzioka akakataa hata hilo.

"Ndovu ni yangu. Yeye ataenda na yeye mwenyewe. Nitamchonga uso."

Tukatazamana. Mnielewe vizuri: huyu alikuwa mtu ambaye tangu ujana wake mkono wake haujatoa kitu kingine. Aliweka picha ya Mumbua ya kwenye simu mbele yake, akachukua gogo kavu, akaanza. Alichonga akitazama picha, anachonga, anatazama. Alipoinuka kunyoosha mgongo, paji la uso lilikuwa limepanda juu, mashavu yamening'inia, na kando ya kichwa masikio yamefunguka pande mbili. Alilitupa. Akachukua lingine. Likatoka ndovu mwenye huzuni. La tatu hakulimaliza. Alikuwa ameacha kutazama picha, mkono unakwenda wenyewe, na alipoona mkonga unaanza kuteremka mahali pa pua alilia kwa sauti. Sijawahi kusikia mwanamume akilia namna ile.

Mutiso alisogea, maskini, akitaka kusaidia. Alisema anaweza kumchongea kichwa, yeye vichwa ndiyo kazi yake. Nzioka akajifuta uso.

"Asante, ndugu yangu. Lakini wewe ukichonga, mtoto wangu atazikwa akiwa morani."

Mutiso hakukasirika. Alijua ni kweli.

Kesho yake Nzioka alinifuata nyumbani. Ndugu zake walikuwa uani wakipasua kuni za mazishi. Alikataa chai, akasimama pale jikoni mlangoni ameshika kofia.

"Mama Kioko, mkono yangu imejaa ndovu. Hakuna mahali ya mtoto."

"Pole, Baba Mumbua."

"Wewe ndiye uliosha huyo uso. Mimi nilikuwa naangalia tu."

"Sijawahi kushika ngomo maisha yangu yote."

"Sikuambii ushike ngomo. Mimi nitapunguza gogo ikuwe kama yai. Halafu wewe uoshe."

Niliondoka naye saa ile ile. Magogo makavu ya kimo hicho alikuwa ameyaharibu yote, na lililokuwepo lilikuwa la mwembe ulioangushwa na mvua ile ile iliyolegeza udongo wa mwamba. Lilikuwa bichi, linatoa maji ukiligonga. Alilipunguza likawa yai, akaniachia, akakaa kwenye stuli kando yangu, kama alivyokuwa akikaa zamani jioni.

Mti mbichi haupigwi msasa, mnajua. Karatasi inajaa tope na kuteleza. Kwa hivyo nilianza na tupa, halafu nikavunja chupa nikatumia ukingo wa kioo kukwangua, jinsi Kalekye alivyokuwa akifanya karatasi zikiisha. Nilifumba macho. Mwanzoni sikupata kitu, nilikuwa nakwangua yai. Halafu nikaacha kufikiria mti. Nikaanza na paji, nikateremka upande wa shavu kwa kiganja kama mtu anayemtoa mtoto sabuni isimwingie machoni, na mahali kiganja kilipokataa nikakwangua, kilipokubali nikaacha. Nilipofika juu ya jicho la kushoto kidole gumba kilitafuta kile kibonyeo, hakikukiona. Nikakwangua pale mpaka kidole kikatulia. Nilikuwa nalia, lakini mkono uliendelea na kazi yake, na hilo linanishangaza mpaka leo.

Mchana wa Ijumaa nilipitisha stokingi kwa mara ya mwisho.

"Baba Mumbua, lazima nikwambie. Hii ni mbichi. Itapasuka."

"Najua."

"Hata haitafika wiki."

"Mama Kioko, mazishi ni kesho. Inaingia chini na yeye. Wacha ipasukie huko, hakuna mtu ataona."

Sitawadanganya kwamba kilifanana naye kama picha. Macho sikuweza, niliyaacha yamefumbwa. Lakini Mutiso alipokuja kukitazama alivua kofia, na wanawake wa kwaya walipokiona juu ya jeneza waliacha kuimba, wakabaki wale wa nyuma peke yao. Hapo nikajua kwamba ni yeye.

Tulifika kaburini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye makaburi, watu wa nyuma hawaoni wa mbele. Pasta akasoma, akaomba, vijana wakashika kamba za kuteremshia. Hapo Nzioka akasogea, akakichukua kile kichwa kutoka juu ya jeneza, akakikumbatia kifuani. Tukadhani anaaga. Pasta akangoja. Akangoja tena.

"Mzee, tuteremshe?" akauliza kwa upole.

"Teremsheni. Huyu narudi naye."

Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mumbua akateremka, juu ya jeneza lake hamna kitu. Ndiye mtu pekee wa banda hili aliyezikwa hivyo.

Nzioka alikileta hapa, akakiweka kwenye rafu ile, akaenda nyumbani. Jumatatu asubuhi kilikuwa kimepasuka, kuanzia kwenye jicho la kushoto mpaka kidevuni. Mimi kwa mazoea yangu nilitayarisha unga wa mbao, lakini mti mbichi hauzibwi, nikasema nitangoja ukauke. Ulichukua muda mrefu kukauka na ufa ukazidi kupanuka, hadi kidole changu kidogo kikawa kinaingia. Nzioka alikuwa amerudi kazini kwa jina tu. Alikaa kwenye benchi, ngomo imefunikwa. Ndovu hakuchonga tena hata mmoja, na wageni waliomuulizia walipewa wa watu wengine.

Halafu mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja tena, kubwa, ukungu unaingia mpaka ndani ya banda. Asubuhi moja nilimkuta Nzioka amesimama kwenye stuli, mkono uko rafuni.

"Mama Kioko. Kuja uangalie. Amefunga."

Nikapanda nikapapasa. Ufa haukuwepo. Ulikuwepo mstari mwembamba kama unywele, ambao jicho linauona lakini kiganja hakiushiki. Mwembe ni hivyo, unakunywa unyevu wa hewa ukavimba, kiangazi unautoa ukasinyaa. Nikaanza kumweleza, akanikatiza.

"Najua mwembe. Wacha niangalie."

Tangu mwaka huo ikawa hivyo. Kiangazi alikuwa hakitazami kabisa, anakaa amekipa mgongo. Mvua zikishika na ufa ukifunga, alikishusha, akakipakata, akakaa nacho kwenye benchi siku hizo chache, akipitisha kidole juu ya kile kibonyeo. Ukianza kufunguka alikirudisha. Sasa mnaelewa yule kijana wa gundi alitaka kufanya nini. Ukiujaza ufa wakati wa kiangazi, mvua ikija mti utavimba na kukuta nafasi imezibwa. Utapasuka mahali pengine, labda puani, labda mdomoni, na huo wa pili hautafunga tena.

Yule mgeni wa Nairobi alikuja mwaka mmoja baadaye, anachechemea kidogo. Aliingia bandani akasimama tu, hajui aanze wapi. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, niliyapanga muda mrefu. Nzioka akanitangulia. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, akamuuliza, "Mguu ulipona?" Kijana akasema ulipona, Mzee. "Sawa," Nzioka akasema, akamsogezea stuli. Walikaa hapo mpaka jioni.

Sasa Nzioka hawezi tena kupanda kilima hiki kufika bandani. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, daktari amemrudisha nyumbani. Niliteremka kumwona mwanzo wa mwezi huu, akaniambia anachotaka. Siku yake ikifika asiwekewe ndovu. Awekewe kile kichwa, na safari hii kiteremke. Kaburi lake litakuwa kando ya la Mumbua.

"Nilimnyima siku ile," akaniambia. "Nitampelekea mwenyewe."

"Nitahakikisha, Baba Mumbua."

"Lakini usinipe akiwa amepasuka. Ngoja afunge."

Kama mtu anaweza kuchagua siku ya kufa. Lakini mimi sikumwambia hivyo. Nilimwambia sawa.

Mvua ya mwaka jana ilikuwa manyunyu, ufa haukufunga hata nusu. Na mwaka huu mnaiona wenyewe. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Kibwezi, yanakaa juu ya mwamba asubuhi, yanaondoka. Wageni wanatuambia tuna bahati ya hali ya hewa, anga safi, mwamba mkavu, wanaona mpaka vilima vya Chyulu. Mimi huwajibu karibuni tena.

Najua mmoja wenu atasema tukifunike kwa gunia lililolowa maji, ufa ufunge upesi. Mnafikiri mimi na maisha yangu yote ya mwembe sikulifikiria? Nilimwambia Nzioka. Alinitazama kama ninayemtukana.

"Mama Kioko, huyo si sukumawiki. Ni Mumbua. Ataletwa na mvua."

Kwa hivyo msikiguse. Mkipangusa rafu, panguseni kando. Hata mimi nikiwa sipo, hata mgeni akisema anakipenda hivyo hivyo, mwambieni kina mwenyewe.

Nzioka hunipigia simu kila asubuhi. Haniamkui siku hizi, pumzi haimtoshi. Ananiuliza tu, "Amefunga?" Namwambia bado, Baba Mumbua. Anakata, na kila siku hiyo sauti inazidi kuwa ndogo.

Leo kabla hamjafika nilipanda kwenye stuli, nikapitisha kidole kuanzia jichoni mpaka kidevuni. Bado kinaingia.